Hesabu za Msako: Kijana wa Mpanda na Kijana wa Glasgow Mbele ya Sheria

Taarifa ya msako wa polisi nchini Tanzania huwa na mpangilio ambao msomaji anaufahamu hata kabla hajaifungua: hutangulia idadi ya waliokamatwa, zikafuata lita za gongo, mitambo ya kuipikia, kete za bangi na pikipiki zisizo na nyaraka, kisha likaja onyo kwa wazazi wasiojua watoto wao hulala wapi, na mwisho ikatolewa ahadi kwamba operesheni ni endelevu. Taarifa za namna hiyo kutoka Mpanda, mkoani Katavi, huwafikia wenyeji wa mkoa huo waishio ng'ambo kwa njia ya simu, zikiambatana na picha ya vijana waliochuchumaa mstari mmoja pembeni mwa madumu ya njano, nao huzipokea kwa pongezi na vidole gumba vilivyoinuliwa. Kinachoudhi katika taarifa hizo si ukali wake, kwa maana mtu aliyevunjiwa duka Makanyagio au kuporwa simu Majengo ana haki ya kutaka ukali, bali ni kwamba huishia pale pale ambapo swali lenyewe huanzia. Kijana yule aliyechuchumaa amekuwa nani miaka mitano baadaye, na je, kukamatwa kwake kulimpunguzia au kulimwongezea uwezekano wa kukamatwa tena?

Swali hilo limeulizwa kwa uvumilivu wa ajabu huko Uskoti, nchi ya watu wapatao milioni 5.5 ambayo, ingawa ni sehemu ya Ufalme wa Muungano wa Uingereza, ina sheria na mahakama zake yenyewe. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwaandikisha watoto wapatao 4,300 waliokuwa ndio kwanza wanaanza shule ya sekondari jijini humo, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 12, na tangu hapo hawakuwaachia. Huo ndio utafiti wa ufuatiliaji, yaani utafiti usiopiga picha ya siku moja bali unaorudi kwa watu wale wale mwaka baada ya mwaka. Na Lesley McAra na Susan McVie, waliouongoza kwa muda mrefu, waliwauliza watoto hao bila haya kama wameiba dukani, kama wamepigana, kama wamekunywa pombe au kuvuta bangi, na kama wamesimamishwa na polisi, kisha wakayalinganisha majibu hayo na majalada ya shule, ya ustawi wa jamii na ya polisi. Mtoto aliyeiba bila kukamatwa na mtoto aliyeiba akakamatwa wakawekwa upande kwa upande, jambo ambalo taarifa ya msako haiwezi kulifanya kamwe, kwa sababu aliyeponyoka hayumo pichani.

Matokeo yaliyotangazwa kuanzia katikati ya muongo wa 2000 yaliwakera wanasiasa wa pande zote. Ilibainika kwamba makosa madogo madogo ya ujana hufanywa na vijana wengi, wa mitaa ya kitajiri na ya kimaskini, lakini wanaofikishwa mbele ya vyombo vya dola ni wale wale wa kila mara: mtoto wa familia maskini, mwenye sifa mbaya iliyokwisha kuandikwa, ambaye askari anamtambua kwa sura. Zaidi ya hapo, katika makala yao ya mwaka 2007, watafiti hao walionyesha kwamba kadiri kijana alivyosukumwa ndani zaidi ya mfumo, ndivyo alivyochelewa kuacha uhalifu, akilinganishwa na mwenzake mwenye makosa yanayofanana ambaye mfumo ulimwacha apite. Pendekezo lao linaweza kusemwa kwa ufupi: mtoto aguswe kidogo iwezekanavyo, naye aepushwe na mahakama kila inapowezekana. Serikali ya Uskoti haikulitupa pendekezo hilo kapuni. Kuanzia mwaka 2011 ilieneza nchi nzima utaratibu wa kushughulikia makosa ya vijana mapema na nje ya mahakama, na idadi ya walio chini ya miaka 18 waliowekwa magerezani ikashuka hadi, ilipofika Agosti 2024, sheria ikakataza kabisa kumweka mtoto wa umri huo katika gereza la vijana.

Msomaji wa Mpanda atakuwa amekwisha kusema kwamba hayo ni mambo ya wenye fedha. Inawezekana, lakini hoja ya fedha itahitaji kusubiri kidogo, kwa sababu msako nao hugharimu mafuta ya gari, posho na chakula cha mahabusu, na kijana aliyekamatwa mara 3 katika misako 3 huhesabiwa kuwa mafanikio 3.

Chumba ambamo mtoto wa Uskoti hupelekwa anapofanya kosa kinastahili kuelezwa kwa makini. Si chumba cha mahakama. Hakuna kizimba, hakuna joho, na katika majengo mengi hata meza kubwa imekwisha kuondolewa ili mtoto asihisi kwamba amewekewa ukuta; kuna viti vyenye vitambaa vya rangi, jagi la maji, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na mara nyingine sanduku la vitu vya kuchezea kwa ajili ya mdogo wake aliyekuja pamoja na mama. Mbele ya mtoto huketi watu 3 wa kawaida waliojitolea bila mshahara na kupewa mafunzo, wanaume kwa wanawake, ambao mchana wanaweza kuwa madereva wa basi, walimu au wahasibu. Kikao hicho huitwa usikilizaji wa watoto, na kilitokana na ripoti ya mwaka 1964 ya kamati iliyoongozwa na Jaji Kilbrandon, aliyetoa rai kwamba mtoto aliyetenda kosa na mtoto aliyetendewa kosa kwa kawaida huwa na shida zinazofanana, kwa hiyo kinachotakiwa kutazamwa ni mahitaji yake kuliko tendo lake. Rai hiyo iliingizwa katika sheria ya mwaka 1968, na vikao vikaanza Aprili 1971. Kabla ya kufika hapo, ofisa anayeitwa Ripota wa Watoto hulipitia jalada na kuamua kama kuna haja ya kikao hata kidogo, na majalada mengi huishia mezani kwake. Makosa mazito sana, kama kuua, ndiyo hubaki mikononi mwa waendesha mashtaka.

Mzazi wa Kitanzania aishiye huko anapoingia katika chumba hicho kwa mara ya kwanza, huwa amejiandaa kwa ajili ya kesi. Amevaa kitenge kilichopigwa pasi, amekuja na mjomba mwenye ufasaha wa kuomba msamaha, na amekwisha kumwonya mtoto asifungue mdomo. Kisha mmoja wa wale watatu humgeukia mtoto, humwita kwa jina lake, na kumuuliza kwanza yeye, kabla ya mama na kabla ya mjomba, angependa mambo yaweje. Katika kikao cha ukoo kule nyumbani, mtoto huulizwa mwisho, kama ataulizwa, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa adabu. Hapa kunyamaza kwake huandikwa katika jalada kuwa dalili ya kwamba kuna kitu hakijasemwa. Haielekei kuwa upande mmoja una hekima yote, maana watoto wa Glasgow nao wanajua sana kuigiza majibu ambayo maafisa ustawi wa jamii wanataka kuyasikia. Hata hivyo, lile swali la kwanza humshangaza mama huyo kuliko uamuzi wowote unaofuata.

Sheria ya Tanzania, ikisomwa peke yake bila kutazama nje ya dirisha, haiko mbali na hayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Imeanzisha Mahakama ya Watoto, inayotakiwa kukaa katika jengo au chumba tofauti na kile cha kesi za watu wazima, kuendesha shauri faraghani na bila urasimu mwingi, tena mbele ya afisa ustawi wa jamii. Na imekataza waziwazi mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Sheria hiyo hiyo iliirekebisha Kanuni ya Adhabu ili umri ambao chini yake mtoto hawezi kushtakiwa kwa jinai upande kutoka miaka 7 hadi 10, na kati ya 10 na 12 ashtakiwe tu endapo itathibitishwa kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa anachokifanya ni kosa. Inafaa kukumbushwa, kwa faida ya wale wanaodhani kila jema lilianzia Ulaya, kwamba Uskoti ilibaki na umri wa kuwajibika kwa jinai wa miaka 8 katika vitabu vyake hadi hivi karibuni, na sheria yake ya mwaka 2019 iliyoupandisha hadi 12 ilianza kutumika kikamilifu Desemba 2021. Kwa muda wa zaidi ya miaka 10, kwa kigezo hicho na kwa maandishi, mtoto wa Inyonga mkoani Katavi alikuwa amelindwa kuliko mtoto wa Edinburgh.

Kwa maandishi. Shule ya maadilisho, yaani mahali ambapo mahakama humpeleka mtoto badala ya gerezani ili asome na kufundishwa kazi, ni ile ya Irambo mkoani Mbeya, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya pekee nchini; kutoka Mpanda ni safari ya zaidi ya kilomita 500 kupitia Sumbawanga na Tunduma, na mzazi muuza dagaa hawezi kuifanya kila mwezi ili mwanawe asimsahau. Pia lipo suala la umri, ambalo kwa mtu aliyezaliwa hospitali ya Glasgow si suala kabisa, kwa sababu tarehe yake ya kuzaliwa imeandikwa mahali. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hukadiriwa kwa ndevu na kimo, na mtoto aliyekulia machimboni, akabeba mawe ya dhahabu tangu darasa la tano, huwa na mabega ya mtu mzima. Katavi ina sababu zake za ziada za upungufu wa vyeti: makazi ya Katumba na Mishamo yalifunguliwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, na wengi wa wazao wao walipata hati za uraia wa Tanzania kuanzia mwaka 2014 tu. Kijana wa hapo anayekamatwa akiwa na miaka 16 anaweza kuandikwa 19, na kwa kalamu hiyo moja Sheria ya Mtoto ikawa imefungwa.

Haitakuwa haki kudai kwamba Katavi haijawahi kutafitiwa. Mojawapo ya tafiti nzuri kuhusu ulinzi wa wananchi barani Afrika ilifanyika Mpimbwe, katika bonde la Rukwa, wakati eneo hilo likiwa bado ndani ya mkoa wa Rukwa kabla ya Katavi kuzaliwa mwaka 2012. Brian Paciotti na Monique Borgerhoff Mulder, katika makala yao ya mwaka 2004, walichunguza sungusungu, yaani jeshi la jadi lililochipuka miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, na ambalo Ray Abrahams wa Cambridge alikuwa amelieleza tangu mwaka 1987. Kilichowavutia ni kwamba ndani ya eneo moja, chini ya polisi wale wale na jua lile lile, sungusungu ya Wasukuma wahamiaji ilifanya kazi na ile ya Wapimbwe wenyeji ikayumba. Maelezo yao ni kwamba Wasukuma walikuwa tayari na mazoea ya kushirikiana watu wengi wasiokuwa ndugu, kupitia vyama vya ngoma na vya kazi za shambani, hivyo waliweza kumwadhibu hata mtu wa kwao bila kijiji kupasuka, wakati Wapimbwe walibaki wakitiliana shaka.

Hapo ndipo ulinganifu unapokuwa mtamu, kwa sababu sungusungu na kile kikao cha watu 3 wa Glasgow ni ndugu wa baba mmoja: vyote viwili vinamkabidhi mkosaji kwa majirani badala ya wataalamu, na vyote viwili hutegemea aibu kuliko pingu. Bunge la Tanzania liliyatambua makundi hayo mwaka 1989 kwa kuyaingiza katika sheria za mgambo, wakati Uskoti iliwatambua majirani zake kwa kuwafundisha, kuwapa Ripota wa kuwachujia mashauri, na kumruhusu mtoto kukata rufaa. Faini ya ng'ombe inayotozwa na sungusungu haina rufaa. Kutengwa kwa familia nzima, hadi kutopewa moto wala maji, hakuna afisa ustawi wa jamii wa kukupitia. Lakini je, isingewezekana kuichukua nidhamu ile ya Wasukuma, kuondoa viboko na faini, na kuwapa watemi wa sungusungu mafunzo ya kumsikiliza mtoto? Wanasheria watasema hapana, na wana sababu zao nzito. Hoja hii inaachwa hapa ilivyo kwa sababu inahitaji kitabu.

Kuhusu kusimamishwa barabarani, maelezo yanaweza kuwa mafupi, kwa kuwa pande zote mbili zina mambo ya kuficha. Mwaka 2014 mtafiti Kath Murray alionyesha kwamba polisi wa Uskoti, hasa wa eneo la Glasgow, walikuwa wakiwapekua vijana kwa wingi wa kutisha, wakiwemo watoto wadogo, kwa kisingizio kwamba wameridhia wenyewe. Kelele zilizofuata zilizaa kanuni mpya za mwaka 2017 zinazomtaka askari awe na sababu ya kisheria kabla ya kumtia mtu mkono mfukoni. Nchini Tanzania, kukaa kijiweni kuna historia yake. Andrew Burton, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Dar es Salaam ya wakoloni, ameeleza jinsi Waingereza walivyowakusanya waliowaita wahuni na kuwarudisha mashamba. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ikafanya yale yale chini ya bendera ya taifa huru, na makosa ya uzururaji yamebaki katika Kanuni ya Adhabu hata baada ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha hapo hapo nchini, kutoa maoni yake Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Kijana wa Kawajense, Mpanda, asiye na kazi anaweza kukamatwa kwa kosa la kutokuwa na kazi, akatoka na rekodi itakayomzuia kuipata.

Pombe ndiyo inayohitaji kurasa. Mgeni wa Uskoti hugundua haraka kwamba duka kubwa lenye rafu ndefu za mvinyo na bia haliwezi kumuuzia hata chupa moja kabla ya saa 4 asubuhi wala baada ya saa 4 usiku, na kwamba mashine ya kujilipia huzima na kuwasha taa nyekundu anapopitisha bia, hadi mfanyakazi, aghalabu binti wa miaka 20 hivi, aje amkague uso. Tangu mwaka 2011 sheria inalitaka duka kumdai kitambulisho kila anayeonekana kuwa chini ya miaka 25, ingawa umri halali ni 18, ili wauzaji wasibahatishe. Mwanamume wa Katavi mwenye watoto 3 na upara unaoanza, anayeombwa kitambulisho mbele ya shemeji yake, hujihisi amedhalilishwa au amesifiwa, kutegemea na siku.

Hatua iliyofuatiliwa na dunia nzima, hata hivyo, ni ile ya bei ya chini ya kisheria, yaani kiwango ambacho hakuna muuzaji anayeruhusiwa kuuza chini yake, kikihesabiwa kwa kila mililita 10 za kilevi halisi. Sheria ilipitishwa mwaka 2012, watengenezaji wa wiski wakaipinga mahakamani kwa miaka kadhaa, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaipa ushindi serikali mwaka 2017, na tarehe 1 Mei 2018 kiwango cha peni 50 kikaanza. Chupa ya lita 3 ya kinywaji kikali cha matufaha, kileo cha maskini na cha wanafunzi, iliyokuwa ikiuzwa kwa pauni chache, ikapita pauni 11 kwa usiku mmoja. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2023 ilikadiria kwamba vifo vinavyotokana moja kwa moja na pombe vilipungua kwa asilimia 13.4 kuliko ambavyo vingekuwa, na Septemba 2024 kiwango kikapandishwa hadi peni 65. Mkasa wake ni kwamba kinywaji ambacho Waskoti hukitaja kila vijana wanapochomana visu, mvinyo mtamu wenye kafeini uitwao Buckfast, unaotokana na abasia ya watawa wa Kibenedikti kusini mwa Uingereza, haukuguswa na peni 50 hata kidogo, kwa kuwa bei yake ilikuwa tayari juu ya kiwango. Utafiti mmoja katika gereza la vijana la Polmont ulikuta kwamba, kati ya wafungwa 117 waliokiri kunywa kabla ya kutenda kosa, asilimia 43 walikuwa wamekunywa kinywaji hicho. Watawa wakaendelea na sala zao.

Tanzania haikuhitaji miaka 5 ya mahakama. Katikati ya Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba viroba, yaani pombe kali ya kwenye pakiti za plastiki iliyokuwa ikiingia katika mfuko wa kaptula ya mwanafunzi bila kuonekana, vitakoma tarehe 1 Machi, na vikakoma. Zikabaki chupa ndogo ambazo nazo zinaingia mfukoni, ila sasa zinatoa sauti zikigongana. Uamuzi ulikuwa mzuri, na kasi yake ingewahuzunisha mawakili wa Edinburgh. Lakini bei ya kisheria na marufuku ya pakiti vyote vinafika pale tu ambapo kuna kiwanda na leseni. Gongo haina kiwanda. Imepigwa marufuku tangu sheria ya pombe ya moshi ya mwaka 1966, na bado inapikwa nyuma ya nyumba, sambamba na wanzuki, ile pombe ya asali ambayo nchi ya nyuki kama Katavi haiwezi kuikosa hata serikali ingetaka.

Wapo wapikaji ambao takwimu za msako haziwataji kwa sura. Shangazi mmoja wa Mpanda, mjane, alilipia ada za sekondari za watoto wa kaka yake kwa madumu aliyoyaficha chini ya mihogo iliyolowekwa, akamwagiwa pombe yake na askari zaidi ya mara moja, akalia, akapika tena. Mmoja wa watoto hao wa kaka yake ndiye mwandishi wa makala haya, ambaye sasa huhudhuria mihadhara kuhusu sera za pombe katika kumbi zenye mazulia. Justin Willis, katika historia yake ya pombe ya Afrika Mashariki iliyotoka mwaka 2002, amekwisha kuonyesha jinsi utungaji wa sheria za pombe tangu enzi za ukoloni ulivyokuwa pia ugomvi kuhusu nani ana haki ya kupata fedha na nani ana haki ya kunywa. Anayemkamata shangazi huyo hajapunguza ulevi wa mtaa, maana wateja watavuka barabara. Amemwondoa mtoto mmoja shuleni. Na kuondolewa shuleni mapema ndiko, kwa mujibu wa wale wale watafiti wa Edinburgh, kunakohusiana sana na kuishia gerezani. Wasichana wa Katavi, ambao takwimu za kitaifa za 2015-16 zilionyesha kwamba asilimia 45 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, waliondolewa shuleni kwa njia nyingine hadi waraka wa Novemba 2021 ulipowaruhusu kurudi. Hao hawamo kabisa katika picha za msako.

Kwa upande wa dawa za kulevya, Uskoti haina la kujivunia: mwaka 2020 watu 1,339 walikufa kwa matumizi mabaya ya dawa hizo, kiwango kilichoifanya kuwa ya kwanza Ulaya kwa ubaya. Aibu hiyo iliwasukuma kufanya mambo ambayo mzee wa Mpanda angeyaona ni kichaa. Askari wa doria hubeba naloksoni, dawa ya kupuliza puani inayomrudisha mtu aliyezidisha heroini; anayekutwa na kiasi kidogo anaweza kuandikiwa onyo badala ya kupelekwa mahakamani; na tangu Januari 2025 jijini Glasgow kuna nyumba iitwayo The Thistle ambamo mtu hujidunga mbele ya muuguzi ili asife peke yake uchochoroni. Kabla ya kushangaa, Mtanzania akumbuke kwamba kliniki ya methadoni ya Muhimbili, inayompa mraibu dawa mbadala ya kunywa kila siku, ilifunguliwa mwaka 2011, miongoni mwa za kwanza kabisa kusini mwa Sahara, baada ya watafiti kama Sheryl McCurdy na Gad Kilonzo kueleza hali za wanaojidunga Dar es Salaam na Dakta Jessie Mbwambo kuisimamia kazi hiyo kwa miaka. Serikali ile ile, kwa marekebisho ya mwaka 2017 ya sheria ya dawa za kulevya, imeweka kifungo cha miaka 30 kwa usafirishaji wa bangi hata isipozidi kilo 50. Kijana wa miaka 19 aliyebebeshwa furushi kutoka shambani kwenda stendi atatoka akiwa na miaka 49. Nchi moja, heroini inatibiwa na bangi inazikwa hai.

Limebaki lile linaloudhi kuliko yote, nalo linahusu ng'ambo, si nyumbani. Watanzania wa Glasgow, ambao watoto wao wanalindwa na umri wa miaka 12, na Ripota, na marufuku ya kuchapa watoto iliyoanza Novemba 2020, ndio hao hao wanaoandika chini ya picha za Mpanda kwamba wachapwe, wafungwe, wapelekwe jeshini. Mzazi anayetafuta wakili mwanawe wa miaka 15 anapokutwa na bangi mkobani, anayesema kwamba ni utoto na marafiki wabaya, humtakia mtoto wa jirani yake wa zamani adhabu ambayo kwa wa kwake angeiita ukatili. Kama utoto ni udhuru kando ya mto Clyde, ni udhuru pia kando ya reli ya Mpanda.

Kinachoweza kuanza bila kusubiri fedha za Ulaya ni kuhesabu kwa namna nyingine. Katavi ina kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako hufundishwa hata elimu ya rasilimali za nyuki, na kuna mizinga mkoani humo inayofuatiliwa kwa uangalifu zaidi kuliko watoto wa kidato cha kwanza. Halmashauri, pamoja na chuo chochote chenye idara ya sosholojia au sheria, ziwaandikishe wanafunzi wote wanaoingia kidato cha kwanza mwakani katika shule za manispaa ya Mpanda, ziwaulize kila mwaka maswali yale yale kwa siri, na wakati huo huo taarifa za msako ziongezewe safu 2: wangapi kati ya waliokamatwa wana umri wa chini ya miaka 18 uliothibitishwa, na wangapi walikuwa wamekamatwa tayari katika msako uliopita. Wanakatavi wa ng'ambo, ambao huchangia harusi kwa wiki moja, wachangie karatasi na posho za wadodosaji, na mpaka majibu ya kwanza yatakapotoka waache kuwapongeza waliopiga picha.